Mtafiti wa ukatili wa nyumbani aombe ruhusa ya mzazi kabla ya kumhoji mtoto?

Mleta mada: Kamati nyingi za maadili ya utafiti hazikubali mtoto ahojiwe bila saini ya mzazi au mlezi. Lakini tukichunguza ukatili wa nyumbani, anayeombwa saini huenda ndiye anayepiga. Akikataa, kaya yake inatoka kwenye sampuli, na takwimu zinapungua palepale penye tatizo. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ibara ya 19 inaidai serikali imlinde hata akiwa mikononi mwa wazazi. Kuanzia miaka 13, sharti la saini liondolewe.

Msimamizi wa wadadisi: Napinga, mkuu. Mzazi akigundua mtoto amehojiwa kwa siri, wewe umeshaondoka na mtoto amebaki naye. Tafiti za kitaifa za ukatili dhidi ya watoto, zilizoanzia Swaziland (sasa Eswatini) 2007, zina utaratibu wake. Mzazi huambiwa ni utafiti wa afya na maisha ya vijana. Mtoto huelezwa undani akiwa faragha, kisha huulizwa upya kama anakubali. Kila kaya anahojiwa mmoja tu, na wasichana na wavulana huchaguliwa kutoka maeneo tofauti, ili aliyetendewa na aliyemtenda wasikutane na maswali yaleyale. Mtu akiingia ghafla, mdadisi anahamia kwenye maswali ya akiba, ya lishe au usafi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mdadisi ambaye hakufanyishwa mazoezi ya kuhama hivyo: ananyamaza, na ukimya wake unamshtua aliyeingia.

Mwanasheria: Mzazi aliyeambiwa "afya" ameridhia nini hasa? Hiyo saini inailinda taasisi. Bora kamati imwondolee mtafiti sharti hilo waziwazi, kwa maandishi na kwa sababu, kisha iweke mtetezi wa mtoto asiyelipwa na mradi.

Afisa ustawi wa jamii: Mnabishania saini, na mtoto akishasema "jana nimechomwa" je? Penye sheria ya kulazimu kutoa taarifa, mtoto aambiwe kabla ya swali la kwanza kwamba jambo fulani halitabaki siri. Ndiyo, wengine watanyamaza. Ila kumwahidi usiri kisha kuuvunja ni kumtenda mara ya pili. Karatasi ya huduma nayo isiwe na namba ya simu ya ukatili peke yake. Ichanganywe na chanjo, zahanati na masomo, maana mpigaji ataipekua mifuko. Na kama hakuna mhudumu wa kumpokea mtoto, msiulize.

Mtakwimu: Wahojiwe wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Saini ya mzazi haihitajiki. Hasara yake ni kwamba kipigo alichopata akiwa na miaka 6, anachokisimulia mtu wa miaka 24, kina umri wa miaka 18: hakikupi picha ya mwaka huu, na kumbukumbu zimeshafifia. Vilevile acheni kuuliza "umewahi kunyanyaswa?". Aliyezoea kipigo atajibu hapana. Taja kitendo: kupigwa ngumi, teke, mkanda, kukabwa, kuunguzwa kwa makusudi.

Mleta mada: Afisa, tukifuata "msiulize", sehemu zisizo na huduma hazitaonekana kwenye takwimu, na bajeti haitafika huko kamwe.

Afisa ustawi wa jamii: Basi mradi uende na mhudumu wake, na mshahara wake uwe kwenye bajeti kabla ya dodoso kuchapwa. Mtoto si chambo cha kuvutia bajeti.

Mtakwimu: Hoja ya saini inapimika. Ripoti nyingi hujumlisha waliokataa kwenye namba moja. Tenganisheni: aliyezuiwa na mzazi, na aliyeruhusiwa akakataa mwenyewe. Kundi la kwanza likiwa dogo, hoja ya mleta mada inapungua uzito. Likiwa kubwa, msimamizi atueleze takwimu zake zinawakilisha watoto gani.