Kura za bodi ya ushirika wa kahawa: tuhesabu vichwa au kilo?

Mteremko
Naleta hoja, mtu aipinge akiweza. Katika vyama vya kahawa vya Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Embu nchini Kenya, anayeleta kilo 40 za cheri (tunda bivu la kahawa) kwa mwaka na anayeleta kilo 4,000 wana kura sawa siku ya kuchagua kamati. Chukueni chama cha mfano chenye viwanda viwili. Kiwanda cha juu kina wanachama 600 walioleta kilo 480,000. Cha chini kina wanachama 1,400 walioleta kilo 420,000. Cha chini kina asilimia 70 ya kura na chini ya nusu ya kahawa. Siku kamati inapoamua kama pesa zinunue mashine mpya ya kumenya cheri au zigawanywe kama advansi (malipo ya mapema) ya Krismasi, uamuzi unajulikana kabla ya kikao.

Napendekeza kila mwanachama awe na kura moja ya msingi, aongezewe moja kwa kila kilo 500, mwisho kura tano. Fonterra, ushirika wa wakulima wa maziwa kule New Zealand, huhesabu kura kwa kiasi cha maziwa ambacho mkulima ameleta, na bado ni ushirika.

Kifungu_28
Pendekezo lako linagonga ukuta kabla halijafika mkutano mkuu. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inasema mwanachama ana kura moja tu hata awe na hisa ngapi. Kura zaidi ya moja zinaruhusiwa ngazi ya juu peke yake: chama cha msingi kilicho mwanachama wa muungano kinaweza kupewa kura kadiri sheria ndogo za muungano huo zinavyoruhusu. Mambo ya Fonterra ni ya sheria ya kwao. Ukitaka ya kwako, nenda Bungeni, usimsumbue katibu wa chama.

Karani_Mizani
Tuiache sheria kidogo tuangalie mizani yenyewe. Mkulima analeta kilo 17 na nusu, kitabuni inaandikwa 17. Nusu kilo hizo, msimu mzima, kiwanda kizima, zinakwenda mahali. Sasa ongeza kura juu yake. Karani ameajiriwa na kamati, na chini ya mfumo wako ndiye anayegawa kura za kuiondoa kamati hiyo hiyo, kila siku ya mavuno. Hakuna wakala wa mgombea atakayesimama kando ya mizani kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Halafu kuna cheri za kuhama. Hata leo mtu hununua cheri za jirani kwa pesa taslimu na kuzipeleka kwa namba yake ya uanachama, kwa sababu mkopo wa mbolea hutolewa kwa kuangalia kilo. Mkiweka na kura humo, bei ya cheri hizo itapanda.

Na SL28, aina ya mkahawa tunayopanda, ikibeba sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Shamba lile lile, mkulima yule yule, kura tatu mwaka huu na moja mwakani?

Mteremko
La kupumzika lina dawa: tumia wastani wa miaka mitatu. La mizani nakubali ni zito, ila ni hoja ya kutengeneza mizani. Mizani ya kidijitali inayotoa risiti yenye namba ya mwanachama na jumla ya kilo zake za msimu ipo, na vyama kadhaa vinaitumia.

Daftari_Kwanza
Ninyi mnabishania uzito wa kura, na mimi nauliza kura hizo ni za nani. Fungueni daftari la chama chochote cha zamani: marehemu ambao warithi hawakubadilisha jina, waliong'oa kahawa wakapanda miparachichi, na vijana walioandikishwa wiki tatu kabla ya uchaguzi, kila mmoja na miche kumi na miwili aliyokatiwa na baba. Ndio wanaofanya asilimia 70 ya kiwanda cha chini kuwa 70.

Sheria ndogo zinaweza kufafanua mwanachama hai bila kuvunja kanuni ya kura moja. Kwa mfano: awe ameleta wastani wa kilo 150 kwa mwaka katika misimu mitatu. Daftari lifungwe siku 60 kabla ya mkutano. Orodha ibandikwe kwenye mlango wa kila kiwanda, na pingamizi zipokelewe kwa maandishi kwa siku 21. Yanayokosewa ni mawili. Kwanza, orodha hubandikwa ofisi kuu peke yake, ambako mkulima hafiki. Pili, marekebisho hupitishwa mkutanoni kwa makofi na hayapelekwi kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika kusajiliwa. Kabla ya kusajiliwa hayana nguvu. Aliyeshindwa akienda mahakamani na hoja hiyo, uchaguzi wote unaanguka.

Namba_ya_Mama
Ndugu Daftari, kilo 150 zako zinapima namba, hazipimi mtu. Anayepalilia, anayechuma na anayebeba debe mpaka kiwandani mara nyingi ni mke, na namba ni ya mume anayefanya kazi Nairobi. Mume ni "mwanachama hai", mke si kitu. Siku ya uchaguzi mume hayupo, mke anafukuzwa foleni.

Njia ipo: mume amkatie mke sehemu ya miti, mke anunue hisa, afunguliwe namba na akaunti ya malipo kwa jina lake. Lakini shamba la miti 200, kila mti ukitoa kilo mbili, ni kilo 400. Wakigawana sawa, kila mmoja anapita kizingiti cha 150. Shamba la miti 120 likigawanywa, wote wawili wanaanguka. Kizingiti kikipandishwa, wanaotolewa kwanza si marehemu wako, ni hawa.

Daftari_Kwanza
Hesabu yako ni sahihi, dada. Kizingiti kishuke hadi kilo 100, basi. Lakini ujue mlango huo huo wa kugawana miti ndio wanaopitia vijana wanaokatiwa miti na baba kwa ajili ya uchaguzi. Karani hawezi kutofautisha mgawanyo wa haki na wa hila, labda kwa tarehe ya kuandikishwa.

Foleni_Ndefu
Kuna jambo mmelipita haraka: namna ya kupiga kura yenyewe. Mlolongo, ule wa kujipanga nyuma ya mgombea, bado unapendwa kwa sababu hauna gharama na hesabu inaonekana. Tatizo ni kwamba mgombea pia anaona. Mjumbe aliye kazini ndiye anayeidhinisha advansi na magunia ya mbolea. Ukijipanga nyuma ya mpinzani wake, unajua msimu ujao utaambiwa mbolea imeisha. Waliopiga kura ya mlolongo Kenya mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa.

Kura ya siri inawezekana bila gharama kubwa. Karatasi yenye picha na namba mfululizo, kitambulisho cha taifa pamoja na kadi ya chama, kupiga kura viwandani siku moja. Kura zihesabiwe pale pale, fomu isainiwe na mawakala na nakala ibandikwe kabla sanduku halijasogea. Wizi hutokea njiani kati ya kiwanda na ofisi kuu.

Tarehe nayo ni silaha. Mkutano mkuu unatakiwa ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mwaka ukiisha Septemba, kamati inaweza kuuweka Novemba, wakulima wakiwa shambani na cheri zinaiva. Notisi ya siku 15 imetolewa, sheria imetimizwa, na wanaohudhuria ni marafiki.

Kifungu_28
Niongeze kuhusu wagombea, maana hapo sheria ina meno yasiyotumika. Kifungu cha 28 kinataka kamati ya watu 5 hadi 9. Mjumbe ajue kusoma na kuandika, asiwe anafanya biashara ya zao lile lile kwa faida yake, na atangaze mali yake ndani ya siku 30 za kuchaguliwa. Wanaonunua mbuni (cheri zilizokaushwa na ganda lake) kwa gunia na kukaa kwenye kamati wanajulikana kijiji kizima. Afisa wa ushirika hupewa orodha ya wagombea asubuhi ya uchaguzi, wakati hakuna cha kuchunguza. Orodha ifungwe wiki tatu kabla.

Mteremko
Basi naacha kura za kilo. Najaribu hivi: kura ibaki moja kwa mtu, ila viti vigawiwe kwa kanda kulingana na kilo za miaka mitatu. Kwa mfano wangu wa viti tisa, kwa vichwa kiwanda cha juu kinapata 3 na cha chini 6. Kwa kilo, cha juu 5 na cha chini 4. Kanda zinahitajika hata hivyo. Chama kikubwa kama Othaya kina viwanda zaidi ya 10, na viti haviwezi kuzidi 9.

Karani_Mizani
Afadhali hiyo. Kuchezea jumla ya kiwanda kizima ni vigumu kuliko kuchezea kilo za mtu mmoja, kwa sababu jumla inalinganishwa na uzito uliopokelewa kwenye kinu cha kukoboa. Kilo 6 au 7 za cheri hutoa kilo moja ya kahawa safi. Mkidai mengi zaidi ya hapo, mtaulizwa.

Namba_ya_Mama
Na sheria ndogo hiyo itapitishwa na nani? Wanachama 1,400 wa chini wana wingi wa kura mkutanoni. Mnawaomba wapunguze viti vyao kutoka sita hadi vinne. Mtawapa nini?

Mteremko
Cha juu kitatishia kujitenga, kama vyama vingi vilivyogawanyika miaka ya 1990.

Kifungu_28
Kabla hakijatisha, kiulize mkopo wa mashine umesajiliwa kwa jina la chama kipi, na ni nani atakayelipa mhasibu na mkaguzi wa hesabu wa chama cha kiwanda kimoja.