Mjadala: Rossetti alikuwa na haki ya kufukua kaburi la mkewe?

Wadau, naomba tulijadili hili. Elizabeth Siddal alifariki London Februari 1862, baada ya kuzidisha dawa yenye afyuni, akiwa na miaka 32. Mumewe, mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti, akamzika na daftari la mashairi yake yeye mume. Baadaye akalitaka. Oktoba 1869 kaburi pale Highgate likafukuliwa usiku, moto umewashwa pembeni. Daftari likatoka limelowa, lina matundu ya wadudu, ikabidi kwanza litiwe dawa. Mwaka uliofuata mashairi yakachapishwa.

Wanaomtetea husema mali ilikuwa yake, kibali cha serikali alikuwa nacho, na wasomaji wamefaidika. Mimi nakataa. Ukimzika mtu na kitu kwa hiari yako, umeshampa. Na kama jambo lenyewe lilikuwa safi, kwa nini lifanyike usiku, yeye mwenyewe asitie mguu makaburini, na mama yake, ambaye ndiye aliyelimiliki kaburi lile, asiambiwe?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila kisa hiki kinaposimuliwa, gumzo ni daftari la mume. Siddal naye alikuwa mshairi, na mashairi yake hayakuchapishwa akiwa hai. Alikuwa mchoraji pia. Mwaka 1855 mhakiki John Ruskin alikubali kununua kazi zake kwa hadi pauni 150 kwa mwaka, na mwaka 1857 yeye ndiye mwanamke pekee aliyeonyesha kazi na wenzake wa kundi la wachoraji la Pre-Raphaelite pale Russell Place, London. Mchoro wake wa rangi za maji, Clerk Saunders, ulinunuliwa na Mmarekani, Charles Eliot Norton. Hayo hayasemwi. Siddal anayesemwa ni yule binti aliyelazwa ndani ya hodhi la kuogea na gauni lake zito, ili mchoraji Millais amchore kama Ophelia, binti anayekufa maji katika tamthilia ya Shakespeare. Taa za kupasha maji zikazimika, naye akavumilia baridi bila kusema neno mpaka akaugua.

Sasa ninyi mnaosema Rossetti alikuwa na haki, nijibuni hili: daftari lile lingekuwa la mashairi ya Siddal, nani angehangaika kuomba kibali cha kufukua?