Mama anapepesuka akifumba macho, baba mdogo anatetemeka mikono: je, ni chakula, dawa za shambani au zebaki?

Mkulima wa Mafinga

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wenye ujuzi. Mama yangu, mwenye miaka sitini na kitu, anaishi nasi pembezoni mwa Mafinga. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamikia ganzi inayopanda kutoka nyayoni, nasi tukaihesabu kuwa ni uzee na baridi ya huku kwetu. Sasa mwendo wake umebadilika: anatembea akiwa ametanua miguu, anaikanyaga ardhi kwa kishindo, na macho yake hayabanduki chini. Mchana anajimudu, lakini usiku akienda chooni bila tochi lazima ashike ukuta, na asubuhi akiinama kwenye beseni kunawa uso, mara tu anapofumba macho kukwepa sabuni anayumba mpaka ashikwe. Ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi na anameza metifomini asubuhi na jioni. Chakula chake ni ugali, maharage, viazi na mboga. Nyama aliiacha tangu meno yalipoanza kumsumbua, na maziwa hayapendi.

Baba mdogo naye, ambaye aliishi Chunya miaka mingi kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, ana shida inayofanana na hiyo kwa mbali. Mikono hutetemeka anaponyanyua kikombe, maneno yanatoka kwa kuburuzika, na mwendo wake ni wa mlevi hata siku ambayo hajaonja kitu. Sifichi kwamba pombe anakunywa, hasa ukifika msimu wa ulanzi.

Picha ya kichwa ya mama haikuonyesha tatizo. Katika ukoo kila mtu ana jibu lake. Wanaosema wamerogwa nimewaweka kando. Dada yangu amesoma mahali kwamba ngano huharibu ubongo, amepiga marufuku chapati nyumbani. Mjomba analaumu dawa ninazopulizia kwenye viazi na nyanya. Duka la dawa nalo limemuuzia mama vidonge vya mishipa vyenye vitamini B kwa wingi, anameza kutwa mara tatu. Naomba kujua ni mambo gani ya chakula na mazingira yanayojulikana kweli kuleta hali hii, na nianzie wapi kabla sijamaliza fedha kwa kubahatisha.

Tabibu Mstaafu, Iringa

Kamwene, ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Maelezo yako kuhusu beseni yamenisaidia kuliko ile picha ya kichwa.

Kupepesuka huku hospitalini huitwa ataksia, na kuna vyanzo viwili vikubwa vinavyopaswa kutenganishwa kabla ya kulaumu chakula chochote. Kimoja ni serebelamu, yaani ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, matamshi na mikono. Ikidhurika, mtu huyumba macho yawe wazi au yamefumbwa. Kingine ni mishipa ya fahamu ya miguu pamoja na njia zake ndani ya uti wa mgongo, ambazo huupa ubongo habari za mahali unyayo ulipo. Njia hizo zikiharibika, macho ndiyo huishika kazi hiyo, na ndiyo maana mgonjwa hujimudu mchana lakini hushindwa gizani au akifumba macho. Kwa kila dalili uliyoitaja, mama yuko kwenye kundi hili la pili, na baba mdogo anaelekea kundi la kwanza. Msiwatafutie sababu moja kwa kuwa tu wote ni wa nyumba moja. Tena hawa wawili hawana damu moja, kwa hiyo hata ugonjwa wa kurithi hauwezi kuwaunganisha.

Kwa mama ningeanza na vitamini B12. Hii hupatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Ini huweka akiba yake kwa miaka kadhaa, hivyo mtu aliyeacha nyama mwaka huu haoni madhara mwaka huu, na akija kuyaona anakuwa amekwishasahau alichoacha. Mama ameiacha nyama, na wakati huohuo anatumia metifomini, ambayo ikimezwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni. Kama anameza pia omeprazo kwa ajili ya vidonda vya tumbo, basi sababu zimekuwa tatu. Kisukari chenyewe nacho huharibu mishipa ya miguu, na hapo ndipo wengi huambiwa "ni sukari" na uchunguzi ukaishia hapo. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha kabisa huku uti wake wa mgongo unaharibika kwa upungufu wa B12. Angalieni pia asipewe asidi ya foliki peke yake, kwa sababu huinua damu na kuuficha upungufu huo wakati mishipa inazidi kuumia.

Hivyo vidonge vya dukani ningevisimamisha leo na kusoma kwenye boksi vina B6 kiasi gani. B6 ikizidi nayo huua mishipa ya hisia. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa saba waliopoteza hisia miguuni na kuanza kupepesuka baada ya kumeza gramu 2 hadi 6 za B6 kwa siku, na baadaye madhara yakaonekana kwa watu waliomeza kidogo kuliko hapo kwa muda mrefu. Inaniudhi kuona dawa hizi zikiuzwa kwa wazee kana kwamba ni pipi.

Mwanachunya

Naomba niseme kuhusu baba mdogo, kwa sababu nimefanya kazi Makongolosi, hukohuko Chunya, na najua wanavyoishi kule. Mawe husagwa kwenye makarasha, mchanga hupitishwa kwa maji kwenye mwalo, yaani mteremko wa mbao uliotandikwa magunia, kisha unaobaki hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki na kukandwa kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate dhahabu. Hukamuliwa kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cha rangi ya fedha, nacho huwekwa juu ya moto wa mkaa mpaka zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke ule hauna harufu wala rangi. Wapo wanaochomea ndani ya chumba wanacholala kwa kuogopa wezi, na wapo wanaochomea jikoni watoto wakiwa pembeni wanasubiri ugali.

Mvuke huo ukivutwa kwa muda mrefu hushambulia ubongo. Huanza mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu, kukosa usingizi na fizi kuvimba, na mwendo huja kuharibika. Watu huyachanganya madhara haya na ugonjwa wa Minamata kule Japani, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine: kiwanda kilimwaga maji machafu baharini, zebaki ya methili ikaingia kwenye samaki, na waliokula samaki hao wakapoteza uratibu wa viungo, matamshi na sehemu ya uwezo wa kuona. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo, ile ya samaki hupimwa kwenye nywele au damu. Kama baba mdogo aliacha kuchoma miaka kadhaa iliyopita, mkojo wake unaweza kuwa safi ilhali madhara yamebaki, kwa hiyo majibu mazuri ya maabara yasiwafanye mwache kumweleza daktari historia yake ya kazi.

Bibi Shamba, Uyole

Mjomba hajakosea kabisa kuzitaja dawa za shambani, ila azitaje vizuri. Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti, ambavyo wakulima wa nyanya na viazi wa ukanda huu wanavijua, hudhuru kwa namna mbili. Ya kwanza huonekana siku hiyohiyo: jasho, mate mengi, mboni za macho kusinyaa, kutapika, kupumua kwa shida. Ya pili husababishwa na baadhi tu ya dawa hizo, na huja wiki moja hadi tatu baada ya mtu kunusurika na sumu nyingi: miguu inaingia ganzi, inalegea, na mwendo unaharibika. Huyo ni mtu ambaye familia nzima inakumbuka siku aliyoanguka. Ganzi ya mama, iliyopanda polepole kwa miaka, na yeye hashiki bomba la kupulizia, siioni ikitoka huko. Hilo halikupi wewe ruhusa ya kuchanganya dawa kwa mkono wala kupulizia ukielekea upepo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mbegu zilizopakwa dawa. Majira ya baridi ya mwaka 1971 kuelekea 1972, huko Iraki, ziligawiwa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya kuvu yenye zebaki ya methili. Zilifika kwa kuchelewa, maandishi ya magunia yalikuwa katika lugha ambazo wakulima hawakuzijua, na rangi iliyowekwa kama onyo ilitoka kwa kuoshwa, wakaamini sumu nayo imetoka. Walizisaga, wakaoka mikate. Ganzi ilianza baada ya wiki kadhaa, ikafuatiwa na kupepesuka na upofu. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa na 459 wakafia hospitalini. Dawa zinazopakwa mbegu za mahindi siku hizi ni nyingine, lakini bado nakutana na kaya ambazo mbegu ikibaki baada ya kupanda huoshwa na kupelekwa mashine ya kusaga. Rangi ikitoka, dawa haijatoka.

Afisa Lishe, Njombe

Kuhusu chapati, dada yako ameshika jambo la kweli akalivuta mbali. Upo ugonjwa ambamo kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, hushambulia serebelamu. Daktari Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, wameuandikia tangu miaka ya 1990. Hupimwa kwa damu, na kipimo kifanyike mgonjwa akiwa bado anakula ngano, kwa sababu akiiacha kwanza majibu yanaweza kupotosha. Mtu anayekula chapati mara moja moja na kushinda kwa ugali wa mahindi si wa kwanza kumshuku. Mahindi, ulezi, viazi na ndizi havina gluteni hiyo.

Muhogo nautaja kwa sababu hakuna aliyeuuliza. Ugonjwa wa konzo, uliowahi kuzuka hapa nchini katika mikoa ya Mara na Mtwara, huja ghafla: watoto na wanawake wanaamka miguu imekakamaa, baada ya wiki kadhaa za kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila maharage wala kitoweo. Huo si kupepesuka. Upo mwingine uliochunguzwa sana kusini magharibi mwa Nijeria, ambao huwapata watu wazima polepole, wakapoteza hisia za miguu, uoni na usikivu, nao umehusishwa na kula muhogo kwa miaka mingi. Huku milimani muhogo si chakula kikuu, lakini wenye ndugu mwambao wa Ziwa Nyasa wajue kwamba unga wenye mashaka ukiloweshwa, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja na kuachwa juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, sehemu kubwa ya sumu huruka.

Kwa mama, kama meno ndiyo tatizo, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) uliosagwa ukatiwa kwenye mboga, mayai na maini laini vinatosha kurudisha B12 kwenye sahani. Havitatosha kumtibu akiwa tayari ameathirika. Hapo sindano zinahitajika.

Mfugaji wa Vwawa

Nyanda hizi tunafuga nguruwe wengi, na wengine bado huachiwa wazurure, kwa hiyo minyoo tegu isisahauliwe. Viluwiluwi vyake vikiingia kwenye ubongo wa binadamu huleta kifafa zaidi kuliko kupepesuka, lakini vikiziba njia ya maji ya ubongo mwendo nao huharibika. Watu hudhani huvipata kwa kula kitimoto chenye chamba, yaani vijifuko vya viluwiluwi ndani ya nyama ya nguruwe. Nyama hiyo ikiliwa haijaiva humpa mtu mnyoo wa tumboni. Viluwiluwi vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya mnyoo yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au mboga. Hata asiyekula nguruwe huvipata.

Mkulima wa Mafinga

Nawashukuru nyote. Vidonge vya dukani tumevisimamisha. Baba mdogo aliacha kuchoma dhahabu kabla ya miaka ya korona. Msimu wa ulanzi huweza kushinda kilabuni bila kula, na ukiisha huhamia kwenye komoni. Hana kifafa. Je, mama aache metifomini tukisubiri kipimo? Na kipimo cha B12 kikiwa ghali, kuna njia nyingine?

Tabibu Mstaafu, Iringa

Asiiache. Sukari ikipanda mishipa itaumia zaidi. Daktari wake ndiye atakayeamua kuibadilisha au kuiendeleza pamoja na sindano. Picha kubwa ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu na kukagua chembe za damu, ni nafuu, na chembe nyekundu zikiwa kubwa kupita kawaida huunga mkono shaka ya B12, ingawa zikiwa za kawaida hazikanushi. Ombeni pia kipimo cha tezi ya shingo, kaswende na VVU, maana vyote vinaweza kuharibu mishipa na vyote vina tiba. Kama B12 haipimwi mlipo, mwelezeni daktari yote mliyoyaandika hapa. Kwa mgonjwa mwenye dalili hizi anaweza kuamua kuanza sindano bila kusubiri, kwa sababu mishipa iliyochelewa haipati nafuu kamili.

Kwa baba mdogo, pombe peke yake hula serebelamu, lakini kwa kawaida miguu huathirika kuliko mikono na maneno, kwa hiyo habari za zebaki zielezwe kikamilifu kwa daktari bingwa, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ulizeni pia kama amewahi kumeza metronidazo, ile dawa ya amiba na bakteria, kwa muda mrefu, maana nayo huweza kudhuru sehemu hiyohiyo ya ubongo.

Linalonifanya nisitulie ni kushinda na pombe bila kula. Thayamini, yaani vitamini B1, huisha mwilini ndani ya wiki chache, na upungufu wake ndio huleta ule ugonjwa alioueleza Carl Wernicke mwaka 1881: kuyumba, macho kuchezacheza au kuona kimoja kuwa viwili, na kuchanganyikiwa. Dalili zote tatu si lazima ziwepo kwa pamoja. Akifikishwa hospitali katika hali hiyo, mwambieni anayempokea kwamba ni mnywaji asiyekula, ili apewe thayamini kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Akianza kuchanganya majina ya watoto wake au macho yakicheza, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama amelewa.