Naomba ushauri: herufi zilizojirudia kwenye senti kumi ya 1936

Ndugu wanachama, naandika kutoka Kisumu. Marehemu nyanya yangu aliacha mkebe wa sarafu za Afrika Mashariki, na ndani yake nimepata sarafu tatu za senti kumi zenye tundu, za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII, ambaye aliachia kiti mwaka huohuo kabla ya kuvishwa taji. Moja ina alama H ya kiwanda cha sarafu cha Heaton, nyingine KN ya Kings Norton, na ya tatu haina alama.

Kwenye ile ya KN, nikiitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, naona herufi za EDWARDVS zimejirudia upande mmoja. Ninavyofahamu, chuma cha kupigia chapa kikiwa chenyewe kimechorwa mara mbili, mrudio huwa na unene kamili na ncha za herufi hugawanyika. Lakini chuma kikiteleza wakati wa kupiga, hubaki ngazi bapa inayopunguza upana wa herufi. Tatizo langu ni kwamba sarafu hii imepita mikono mingi, ncha zimelika, na siwezi kuamua kwa uhakika.

Naomba wenye uzoefu wanieleze ni herufi ipi huhifadhi dalili hizo muda mrefu zaidi, na mwanga niuelekeze vipi ninapopiga picha. Sijaisafisha, wala sitaisafisha, kwa kuwa naithamini kama kumbukumbu yake kuliko bei yoyote.