Kijana wa kambini nakaa nae, usiku hatulali. Naomba ushauri wakuu

mamalishe_nzuguni:
Wakuu habari zenu. Niko Dodoma, nauza chakula karibu na stendi ya Nanenane. Kuna kijana wa miaka kama 13 alikuwa ananioshea vyombo apate kula, baadae nikagundua analala kwenye mabenchi nikamchukua nyumbani. Ni Mrundi, anasema katoka kambi ya Nduta kule Kibondo, mama kafariki, kaka yake wamepotezana njiani. Mchana yuko poa kabisa, anachangamka na wateja, usiku sasa!! Anapiga kelele, anakojoa kitandani, basi likipiga honi anaingia uvunguni. Juzi natandika nikakuta matonge ya ugali yamekaukia chini ya godoro. Nikimuuliza ilikuwaje anakodoa macho tu kama hanisikii. Jirani anasema majini, mzee anasema nimpe nauli arudi alikotoka. Nifanyeje?

Kizota_finest:
Jirani yuko sahihi hayo ni mapepo, peleka kwenye maombi. Na uangalie usipate kesi, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali.

nesi_mstaafu:
Maombi sikatai, na mimi nasali. Ila mama, unachokieleza ni kiwewe. Mtoto aliyekimbia na mzazi angalau alikuwa na wa kumshika mkono, huyu alikuwa peke yake, na tafiti nyingi tu zinaonyesha wa aina yake ndio wanaoumia zaidi. Mwili wake bado unakesha kana kwamba hatari iko mlangoni.

Kwanza acha kumhoji. Hata WHO wanashauri mtu aliyepatwa na janga asilazimishwe kusimulia. Siku akitaka ataanza mwenyewe mnachambua mchele, wewe sikiliza tu usimchimbe. Ugali usimgombeze, mpe ndoo yenye mfuniko iwe yake, tia hata karanga, la sivyo mtafuga panya. Godoro livalishe nailoni na shuka uanike bila kumtangaza kwa wenzie.

Kikubwa zaidi siku yake iwe inajulikana, mnakula saa ngapi, mnalala saa ngapi, nani yupo, na ukijua utachelewa mwambie mapema maana kwake mtu asiporudi ina maana nyingine. Akishtuka usiku washa taa, mwite jina, mwambie uko Nzuguni, uko kwangu, mpe maji. Wiki zikipita bila nafuu au akianza kusema bora afe usisubiri, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapo hapo mjini, watu wanaiogopa jina tu wanadhani ni ya vichaa peke yao.

mamalishe_nzuguni:
Asante sana dada angu, la ndoo sikuliwaza. Ila kwenda kumripoti ustawi wa jamii naogopa, si watamchukua?

wakili_msomi_Makole:
Kukaa nae kimya kimya ndio kutakuletea shida. Kwanza vyombo aache kuosha leo hii, Sheria ya Mtoto ya 2009 umri wa kufanya kazi ni 14, na hapo ni kazi nyepesi tu. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kubaguliwa hata akiwa mkimbizi kwahiyo usikubali mtu akwambie huyu si wetu. Ongea na mwenyekiti wa mtaa, kisha muone afisa ustawi, mweleze yote na omba kabisa kama inawezekana aendelee kukaa kwako wakati wanafuatilia. Ukikwama piga 116, ni bure, ni namba ya mambo ya watoto. Kuhusu kaka, Msalaba Mwekundu wanatafuta ndugu waliopotezana, andika majina yote anayoyakumbuka pamoja na kilima au kijiji walichotoka. Halafu mzee asithubutu kumpa nauli, mtoto peke yake kwenye basi hadi Kibondo ndio yale yale aliyoyapitia.

Kizota_finest:
Sawa wakili nimekuelewa, ila maombi hayadhuru.

nesi_mstaafu:
Hayadhuru kama hakuna anayemshika kwa nguvu na kumpigia kelele kichwani. Na mama, siku ya kwenda ustawi mwambie jana yake mnaenda wapi na kwa nani, akiona geti na askari bila kujua anaweza kukimbia usimuone tena.