Mbegu za mulleini zimegoma kuota Tabora, nimekosea wapi?

Mama Kabula, Ipuli, Tabora
Habari za humu wapendwa. Mwanangu anasoma Ujerumani, alipokuja likizo Julai akaniletea pakiti ya mbegu za mulleini. Kule wanauita Königskerze, yaani mshumaa wa mfalme, maana mwaka wa pili unatoa mlingoti wa maua ya njano unaopita kimo cha mtu. Jani lake laini kama blanketi la kichanga. Wazee wa huko huchemsha majani kwa kikohozi, na mama mkwe wangu anakohoa tangu tuvune karanga.

Nilitengeneza tuta kama la mchicha, nikatia samadi madebe mawili, nikachora vifereji vya kina cha pingili ya kidole, nikafukia mbegu na kutandaza nyasi. Namwagilia asubuhi na jioni. Leo siku ya 34, kilichoota ni magugu na mche mmoja wa mpapai. Nimebakiwa na nusu pakiti, na mbegu zenyewe ukizipumulia zinaruka kama ugoro. Nisaidieni, hizi sitaki zipotee.

Mtunza Kitalu, Gungu, Kigoma
Mama, umezizika. Mbegu hii inataka mwanga ndipo iamke. Ukiifukia inalala tu, na inajua kulala: Profesa William Beal wa Michigan, Marekani, alifukia chupa za mbegu mwaka 1879. Chupa moja ilipofukuliwa mwaka 2021, zilizoota ni za ukoo huu wa mulleini, baada ya miaka 142. Kwa hiyo za tutani usizikatie tamaa.

Chukua beseni kuukuu, litoboe chini, jaza mchanga na mboji kidogo. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu, gandamiza kwa kiganja, basi. Usifunike. Maji yapande kutoka chini, kalisha beseni kwenye maji mpaka juu paloe, maana ukimwagia kwa kopo zinasombwa. Samadi achana nayo, mmea huu unapenda ardhi maskini na jua. Hamisha miche ingali midogo, mzizi wake unashuka chini haraka.

Babu wa Njombe
Mulleini bila kupigwa na baridi hautoi maua, kwa Tabora huenda ukabaki majani. Si hasara, dawa yako ni majani. Ila ukiona mlingoti, ukate kabla haujakauka: mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki moja, na Marekani umeshakuwa gugu. Tena mwambie kijana, mbegu za kutoka nje zinatakiwa kibali na ukaguzi.

Muuguzi, Urambo
Dada, mimi nashika hapo kwenye kikohozi. Karanga zimevunwa lini? Kikohozi kikipita wiki mbili apimwe kifua kikuu, hospitali za serikali vipimo na dawa ni bure. Chai ya majani isubiri. Na siku ukiipika, chuja kwa kitambaa kizito, vile vinyweleo vinawasha koo.

Mama Kabula
Asanteni sana. Bibi tumempeleka, ametoa makohozi, Jumatatu tunafuata majibu. Beseni nimelipandisha juu ya banda la kuku, wasije wakaparua. Leo siku ya 11, nimehesabu vidoti tisa vya kijani, kila kimoja kama kichwa cha pini.