Mzee wa miaka 72 akate bima kubwa au ndogo ya gari?

BintiTanga: Wadau habarini, baba kastaafu bado anaendesha mwenyewe, ni sokoni na msikitini tu, gari lake Toyota IST thamani kama milioni 12. Umri wake utapandisha bei?

Fundi_K: Dada huku bongo bei inaangalia zaidi thamani ya gari na matumizi. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 na VAT yake ila hiyo inalipa uliyemgonga tu, gari la mzee mtatengeneza wenyewe. Kubwa, inayolipa na gari lenu pia, kwa kawaida ni 3.5% ya thamani, yaani 420,000, ongeza VAT inafika 495,600. Kama mfuko unaruhusu mkatie kubwa, mzee wa pensheni akigongwa kwa nyuma na asiyejulikana atatoa wapi hela ya bodi?

MamaWawili: Naunga mkono, ila soma fomu yote, uliza ekses (sehemu ya gharama mnayolipa wenyewe kila mkidai) ni kiasi gani na kama kuna sharti la umri. Akiwa na sukari au macho yanasumbua semeni ukweli mapema, na leseni isiwe imeisha maana hapo ndo wanapokatalia madai. Stika ya bima hakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima.

BintiTanga: Asanteni sana, leseni yake naiangalia leo leo.